Kabla hujatuma muswada: tuzo za uandishi zinavyofanya kazi

Kila zinapotangazwa tuzo za uandishi, maswali kwenye magrupu ya waandishi yanakuwa yaleyale. Mimi sijawahi kutoa kitabu, naruhusiwa? Hadithi niliyoiposti Facebook vipande vipande bado inafaa? Nikituma kazi yangu si wataichukua tu halafu nisisikie kitu? Na mbona kuna tuzo nyingine hata fomu ya kuomba huioni? Ni maswali ya haki kabisa. Shida ni kwamba tunazijumlisha tuzo zote pamoja wakati zenyewe zinaendeshwa kwa namna ambazo hazifanani hata kidogo, kwahiyo jibu la tuzo hii linakuwa kosa kwenye tuzo ile.

Anza hivi. Ukiona tangazo, hela iache kwanza, tafuta mambo mawili: wanapokea nini, na nani anatuma. Kuna tuzo zinazopokea muswada, yaani kazi ambayo bado haijachapishwa, na hapo mwandishi mwenyewe ndo anatuma. Kuna tuzo za vitabu vilivyokwisha kutoka, na nyingi kati ya hizo anayepeleka ni mchapishaji, wewe unaweza kuwa umekaa zako nyumbani na hujui hata kama umepelekwa. Halafu kuna tuzo zinazoangalia kazi zote za mtu, hizi hamna kuomba, kuna watu maalumu wanapendekeza majina kimyakimya na mshindi anashtukia anapigiwa simu. Nobel iko kundi hilo la mwisho. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipoipata mwaka 2021 hakuwa amejaza fomu popote, na majina ya waliopendekezwa yanafichwa miaka 50. Kwahiyo mtu anayeuliza "Nobel inaombwaje" jibu lake ni fupi, haiombwi.

Mfano unaoonyesha tofauti hizi kwa mtu mmoja ni Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda. Riwaya yake kubwa ilikuwa ni muswada tu, wachapishaji wa Uingereza hawakuutaka, akaupeleka kwenye shindano la miswada la watu wa jarida la Kwani? kule Nairobi, ukashinda mwaka 2013 na mwaka 2014 Kwani Trust wakautoa kama kitabu, ndo ile Kintu. Mwaka huohuo 2014 hadithi yake fupi ikabeba tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, mshindi wa jumla. Mwaka 2018 akapigiwa simu kuwa amepewa tuzo ya Windham-Campbell ya Chuo Kikuu cha Yale, dola 165,000, ambayo hakuiomba kwa sababu haiombwi. Ukiufuata huo mstari unaona mlango ulianzia wapi, ulianzia kwenye shindano la miswada, pale Nairobi, kwa watu waliokubali kusoma kazi ya mtu asiye na kitabu. Ndo maana nikiulizwa na mwandishi chipukizi aanzie wapi, naenda moja kwa moja kwenye tuzo za miswada na sirudi nyuma.

Na hili kwenye Kiswahili sio jambo jipya. Miaka ya 1957 na 1958 East African Literature Bureau waliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili, mshindi wa kwanza akawa Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka 1960. Hapo ndo wasomaji wakakutana na Bwana Msa na kiko chake, na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ikapata njia. Yaani aina nzima ya hadithi tunayoipenda mpaka leo ilipata nguvu kwa sababu kuna watu walitangaza shindano, wakasoma walichotumiwa, na, hili ndo muhimu, wakakichapisha. Shindano lingeishia kwenye cheti na kupeana mikono nani leo angemjua Bwana Msa?

Sasa tuje kwenye tuzo za Kiswahili za wakati huu, maana hapa ndo watu wanachanganya sana.

Tanzania iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na inatolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Mara ya kwanza washindi walitangazwa mwaka 2023. Hii ni tuzo ya miswada. Mshindi wa kwanza kwenye kipengele anapata shilingi milioni 10, wa pili 7, wa tatu 5, ila mimi ninachokiona kikubwa kuliko hizo milioni ni kwamba kazi inayoshinda inachapishwa kwa gharama ya serikali na kupelekwa shuleni na maktaba. Ilianza na riwaya na ushairi halafu vipengele vikaongezeka, kwahiyo kila mwaka soma tangazo la mwaka huo, usitumie la mwaka jana ulilolihifadhi kwenye simu.

Piga hesabu kidogo uone kwanini nasema hivyo. Mrabaha wa kawaida wa mwandishi kwa mchapishaji ni kama asilimia 10 ya bei. Kitabu kikiuzwa shilingi 10,000 wewe unapata 1,000 kwa kila nakala, kwahiyo ili ufikishe milioni 10 inabidi ziuzwe nakala 10,000. Riwaya ya Kiswahili ya mwandishi mpya, isiyo kitabu cha kiada, kuuza nakala 10,000 kwenye maduka yetu ya vitabu ambayo mikoa mingi hayapo kabisa, hapana, hilo ni jambo la kuota. Tuzo inakupa kwa siku moja kile ambacho soko lingekupa kwa miaka mingi au lisingekupa kabisa, na juu yake inakupa wasomaji ambao wewe na begi lako la vitabu usingewafikia.

Tuzo nyingine ni ile iliyoanzishwa 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi kwa jina la Mabati-Cornell, kwa udhamini wa Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya Tanzania pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, baadaye ikajulikana kwa jina la Safal, ambalo ni kundi la hizo kampuni za mabati. Ilianza na dola 15,000 kwa jumla, washindi wa kwanza wa riwaya na ushairi dola 5,000 kila mmoja. Washindi wa mwanzo kabisa, 2015, walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya na Mohammed Ghassani kwa ushairi, mtu wa Pemba anayeishi Ujerumani. Mwaka 2017 ikaenda kwa Ali Hilal Ali kwa riwaya na Dotto Rangimoto kwa ushairi. Tofauti yake na ile ya Nyerere ni kwamba hii inapokea vyote viwili, muswada au kitabu kilichotoka ndani ya miaka miwili iliyopita, kwahiyo chipukizi na mkongwe wanaingia kapu moja. Na haikuangalia pasipoti, unaweza ukawa Muscat au Bonn au Lubumbashi, alimradi umeandika Kiswahili. Waanzilishi walisema wazi shida waliyoiona, tuzo kubwa za fasihi ya Afrika zilikuwa zinamtaka Mwafrika aandike Kiingereza kwanza ndo asomwe.

Washairi wana ya kwao pia, Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, ilianza kutolewa 2014, na mashairi yaliyofanya vizuri yamekuwa yakikusanywa kwenye diwani zilizotolewa na Mkuki na Nyota. Hii nzuri kwa mtu mwenye mashairi machache mazuri lakini hana diwani nzima, maana kuna watu wanajilazimisha kuandika mashairi 60 ili wafikishe kitabu wakati mazuri ni 9.

Kenya habari ni nyingine. Tuzo ya Jomo Kenyatta, iliyoanza 1974, iko chini ya Chama cha Wachapishaji cha Kenya na ni ya vitabu vilivyochapishwa, ina vipengele vya Kiingereza na vya Kiswahili, vya watu wazima, vijana na watoto, inapishana mwaka hadi mwaka na ile ya Wahome Mutahi. Hapa muswada wako hata uwe mzuri vipi hauna pa kuingilia, unahitaji mchapishaji kwanza na yeye ndo anapeleka. Marehemu Ken Walibora aliishinda hii zaidi ya mara moja, na vitabu vyake vya Kiswahili ni miongoni mwa vilivyosomwa sana mashuleni. Kwahiyo mwandishi wa Kenya mwenye kitabu ambacho kimetoka na hasikii chochote, swali la kumuuliza mchapishaji wako ni moja tu: mmenipeleka? Uliza kabla ya mwaka kuisha, wengine wana vitabu vingi na wanachagua vichache vya kupeleka, usione haya.

Za Kiingereza nitazipitia haraka. Caine, iliyoanza 2000, imewanyanyua sana waandishi wa huku kwetu, Binyavanga Wainaina 2002, Yvonne Adhiambo Owuor 2003, Monica Arac de Nyeko 2007, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018, Idza Luhumyo wa Mombasa 2022. Ni ya hadithi fupi ambayo tayari imechapishwa, kwa Kiingereza au kwa tafsiri ya Kiingereza, na kwa miaka yake mingi anayepeleka ni mchapishaji wa hadithi hiyo, gazeti au tovuti. Wainaina alivyoipata alitumia hela ile kuanzisha jarida la Kwani?, na Kwani? ndo hao waliokuja kumpa Makumbi nafasi. Unaona jinsi tuzo moja inavyozaa mlango wa mtu mwingine miaka kumi baadaye.

Lakini kuna moja ambayo waandishi wetu wengi wanadhani ni ya Kiingereza tu na sio kweli, tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola. Inapokea Kiswahili! Unaandika hadithi yako kwa Kiswahili, kati ya maneno 2,000 na 5,000, haijawahi kuchapishwa, unatuma bure, na ikipita kwa majaji wa Kiswahili wao ndo wanaitafsiri ili iendelee mbele. Washindi wa kanda wanapata pauni 2,500 na mshindi wa jumla 5,000. Sharti ni uraia wa nchi mwanachama, kwahiyo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda mnaruhusiwa, ndugu zetu wa Burundi na Kongo kwa bahati mbaya hapana. Inaniuma kila mwaka nikiona mtu anajitesa kuandika Kiingereza cha kuunga unga ili atume huko, wakati hadithi yake kwa Kiswahili ingekuwa na pumzi.

Haya, umechagua tuzo, sasa kazi yako ikishafika inafanywa nini?

Watu wanafikiri majaji watatu wanakaa wanasoma miswada yote mwanzo mwisho. Hesabu haikubali, zikija kazi mia kadhaa na kila moja kurasa 150 jaji mmoja hawezi kuzimaliza kwa muda anaopewa. Kwahiyo kunakuwa na mchujo. Kwanza zinatolewa zilizovunja masharti, urefu umezidi, jina limeandikwa pale walipokataza, fonti na nafasi za mistari sio walizotaka, faili halifunguki. Hapo hakuna aliyesoma hata sentensi yako moja. Halafu wasomaji wa awali wanapunguza, inapatikana orodha ndefu, kisha fupi, na majaji wakuu wanasoma hizo zilizobaki kwa utulivu, wanabishana, wanapiga alama. Kwa maneno mengine kipaji chako kinaanza kupimwa kwenye hatua ya pili, ya kwanza inapimwa nidhamu tu.

Hilo la jina nataka nilisemee kidogo. Tuzo nyingi za miswada zinasoma bila kujua nani kaandika, na huo ndo ulinzi mkubwa kwa mtu asiye na jina, usiuharibu mwenyewe. Unaweza ukafuta jina kwenye ukurasa wa kwanza ukalisahau juu ya kila ukurasa, au ukaweka shukrani mwishoni kwa mke wako na watoto kwa majina. Na Word yenyewe inahifadhi jina ndani ya taarifa za faili, ukichapiwa muswada steshenari jina linalokaa mle ni la mwenye kompyuta, majaji wanaweza kuona miswada mitatu tofauti ya "mwandishi" mmoja. Fungua sehemu ya taarifa za faili ufute kabla hujatuma, ni dakika mbili.

Kwenye kusomwa kwenyewe, kurasa za mwanzo ndo zinabeba mzigo. Msomaji wa awali ana rundo mbele yake. Muswada ukianza na "Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi na mapema, jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba kwa furaha" ameshausoma huo mara ishirini kwa wiki hiyo, tena sio kwamba sentensi ina kosa, hamna kosa, ila haijamwambia chochote. Linganisha na muswada unaoanza "Mzee Kombo alirudishiwa cherehani yake ikiwa haina sindano." Hapo tayari kuna mtu, kuna kitu, kuna dhuluma ndogo, nataka kujua nani kaichukua hiyo sindano. Huhitaji damu wala risasi ukurasa wa kwanza, unahitaji jambo limeanza kutokea.

Washairi nao, ukiamua kuandika kwa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, basi iandike kweli. Majaji wa ushairi wetu wengi wamekulia kwenye mizani na wanahesabu kwa vidole. "Barua nimepokea, salamu nimeziona," silabi nane kwa nane, imekaa. Ukiongeza "zako" ukasema "salamu zako nimeziona" kipande cha pili kimeshakuwa kumi na shairi limekuwa guni, yaani lenye kasoro ya kanuni, na jaji atajiuliza kama ulijua au hukujua. Ukitaka kuandika huru andika huru kwa moyo wote, wapo walioshinda kwa ushairi huru, ila shairi lililo nusu ndani nusu nje halisaidiwi na mtu.

Sasa masharti, sehemu ambayo wengi wanairuka na ndo yenye maumivu ya kudumu.

Hakimiliki ya kazi yako inaanza pale unapoiandika. Tanzania bara sheria ni ya 1999, Zanzibar wana yao ya 2003, Kenya ya 2001, na hakuna hata moja inayosema mpaka ujisajili ndo uwe mwenye kazi, kusajili kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya, kunakusaidia kuthibitisha tu pakitokea ugomvi. Kwahiyo unapotuma muswada kwenye tuzo hujampa mtu chochote isipokuwa kile masharti yanachosema umempa, na ukibonyeza "nakubali" bila kusoma umekubali kweli. Tafuta sentensi ya haki. Ikisema waandaaji watakuwa na haki ya kuchapisha kazi zitakazoshinda, kwa mkataba utakaosainiwa na mrabaha utakaolipwa, hiyo ni ya kawaida na ndo unayoitaka. Ikisema "kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya waandaaji", simama hapohapo. Zote, yaani hata zilizoshindwa? Umetuma riwaya uliyoiandika miaka mitatu, umekosa hata orodha ndefu, na bado sio yako tena? Tuzo yenye sentensi hiyo usiiingie hata wakiweka milioni ngapi, au waandikie uwaulize, saa nyingine ni mtu tu kakopi masharti sehemu na akiulizwa anayarekebisha.

Kuhusu "haijachapishwa", hapa ndo penye lile swali la Facebook. Siku hizi waandishi wetu wengi wanatoa riwaya kwa vipande kwenye Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp ya kulipia, sehemu ya 1 mpaka ya 60, na ni njia nzuri, ina wasomaji waaminifu kuliko maduka mengi ya vitabu. Lakini kwa tuzo nyingi kuweka kazi mahali ambapo umma unaisoma kunahesabika ni kuchapisha, hata kama hamna karatasi wala namba ya kitabu (ISBN). Sio zote, nyingine hazisemi kitu, na pale zisiposema wewe uliza kwa baruapepe na utunze jibu. Ila kama una kazi unayoiona ndo bora yako na unaiwazia tuzo ya miswada, iache nje ya mitandao. Wape wasomaji wako nyingine. Kufuta posti siku moja kabla ya kutuma hakusaidii, kuna watu wamepiga picha za skrini na wengine wameshazishea mbali.

Angalia pia kama wanaruhusu kazi moja kutumwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Nyingi hazipendi, na ikitokea umeshinda kote kuwili aibu inakuwa kubwa na haki za uchapishaji zinagongana.

Halafu ada. Uingereza na Marekani kuna mashindano mengi halali yanatoza ada ya kushiriki, ndo yanavyojiendesha, kwahiyo ada peke yake haimaanishi utapeli. Lakini tuzo zote nilizozitaja za Kiswahili mwandishi hatakiwi kulipa kitu, na kwa hela zetu kulipa dola 20 kushindana na watu elfu kadhaa mimi siwezi kumshauri mtu. Utapeli wenyewe unakuja kwa sura nyingine, unatuma shairi bure, baada ya wiki unaambiwa umeingia fainali, hongera sana, shairi lako litatoka kwenye kitabu cha washindi, nunua nakala yako, nunua na ya mama, njoo kwenye sherehe kwa nauli yako. Marekani kulikuwa na kampuni iliyofanya hivyo kwa miaka mingi, karibu kila aliyetuma alikuwa "mfainali". Dalili yake iko wazi: hela inatoka kwa mwandishi kwenda kwa mwandaaji. Nyingine ni kuwa huoni majina ya majaji wala washindi wa miaka iliyopita wala kitabu chochote cha mshindi unachoweza kukishika mkononi.

Kuna jambo la wakongwe na chipukizi ambalo linaleta maneno kila mwaka, watu wanalalamika kwanini mtu mwenye vitabu saba anakuja kushindana na sisi. Mimi nimelifikiria sana na nimefika hapa: kama kazi inasomwa bila jina, aje. Ushairi wa Kiswahili ungepoteza nini kama Ghassani, mwandishi wa habari ambaye tayari anajulikana, angeambiwa akae pembeni? Kinachotakiwa ni tuzo kuwa na kipengele cha kazi ya kwanza, pembeni ya kile cha wazi, ili kijana wa miaka 22 aliyeandika vizuri kuliko wenzake wa umri wake asizimwe na mtu wa miaka 60 aliyeandika vizuri zaidi. Umri wenyewe kama kigezo siupendi, kuna wanawake wengi wanaanza kuandika wakishalea, wana miaka 45 na ni chipukizi kabisa.

Na tuzo zinakufa, hilo nalo tulijue. Noma, iliyotoka kwa mchapishaji wa Kijapani, ilitolewa kwa vitabu vya Afrika vya lugha yoyote kuanzia 1980, Mariama Bâ wa Senegal ndo alikuwa wa kwanza, na 2009 ikafungwa. Mdhamini akichoka au biashara ikibadilika, basi. Ndo maana nafurahi kuona moja yetu iko kwenye bajeti ya taifa na nyingine iko kwa kampuni, zikitegemea mfuko mmoja siku mfuko huo ukikauka tunarudi kwenye kuandika tukiweka kabatini.

Ninalowaomba waandaaji wetu, na nawaomba kwa heshima maana kazi wanayofanya ni kubwa, ni ripoti ya majaji. Mamia ya watu wanatuma, wachache wanashinda, waliobaki wanapata ukimya, hawajui kama walitolewa kwa fonti au kwa hadithi. Hakuna anayeweza kumwandikia kila mmoja, naelewa, lakini kurasa mbili kila mwaka zinawezekana: riwaya nyingi zilianza kuchelewa, mashairi mengi yalivunjika mizani ubeti wa tatu, tamthilia zilikuwa na wahusika wengi mno, hizi tano zilikaribia sana na zimekosa kwa sababu hii. Mtu wa Mpanda au Lamu ambaye hana mhariri wala chuo karibu akisoma hizo kurasa mbili anajua usiku huohuo aanze kurekebisha wapi.